Risala ya mafundi wanaojitegemea wa Katuba, mojawapo ya komini (tarafa) za mji wa Lubumbashi, Kongo, kwa mgeni rasmi, siku ya kuwakabidhi wanagenzi vyeti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Komini yetu ya Katuba,
Waheshimiwa mapadri na wachungaji,
Wakuu wa shule na wazazi wa wanagenzi wetu,
Baba na mama mafundi,

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha katika ateliye (karakana) hii, ambayo tangu jana jioni tumeiondolea mbao na mashine ili wageni wapate mahali pa kukaa. Sisi ni maseremala, waashi, mafundi wa kuchomelea vyuma, mafundi umeme, mafundi bomba, wapaka rangi na washonaji wa Katuba, pamoja na wachache waliojiunga nasi kutoka komini jirani za Kenya na Kamalondo. Hakuna kati yetu mwenye mwajiri. Kila mmoja huamka asubuhi bila kujua kama siku hiyo atapata mteja, na jambo hilo ndilo tulilochagua kulieleza mbele yako leo, kwa sababu vijana kumi na mmoja utakaowapa vyeti, watatu kati yao wakiwa mabinti, wanaingia katika ufundi wakati ambapo kazi zimepungua kuliko tulivyozoea.

Mheshimiwa, wengi wetu ni watoto wa wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika kampuni hiyo kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, na neno «departi» likabaki katika familia zetu hadi leo. Wapo baba zetu walioitumia fedha ile kununua mashine ya kuchomelea, cherehani au seti ya randa na misumeno. Wapo pia ambao fedha yao iliishia kwenye karo, matibabu na madeni ya dukani kabla mwaka haujaisha. Ufundi wa kujitegemea, kwa wengi wa hapa, ulianza kama njia ya kuhakikisha kwamba bukari (ugali) linapikwa jioni. Baadaye ndipo ukawa heshima yetu, na sasa tunawarithisha watoto wetu.

Hata hivyo, kuondoka migodini hakukututenga na fedha za migodi. Mwezi Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa madini ya kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, ikauongeza muda huo mwezi Juni, na kuanzia katikati ya Oktoba ikaweka viwango vya kiasi kinachoruhusiwa kutoka, ambavyo kwa mwaka 2026 ni tani 96,600. Sababu yake tunaielewa: bei ilikuwa imeanguka vibaya, na nchi ilikuwa ikiuza mali yake kwa hasara. Hatukusimama hapa kuilaumu hatua hiyo. Tunataka tu ujue ilivyofika Katuba. Dereva wa lori la kutoka migodi ya Kolwezi hadi mpakani Kasumbalesa, aliyekuwa akijenga vyumba viwili katika lupango (kiwanja) lake, alimwambia mwashi asubiri kwanza. Mwashi aliacha ukuta kwenye linta. Seremala aliyekwisha kupima milango aliambiwa asinunue mbao, na fundi chuma aliyeahidiwa grili za madirisha sita hakuitwa tena. Mikono yetu haijawahi kugusa kobalti, lakini madirisha yale sita yalikuwa karo ya watoto wa mtu.

Hayo yaliongezeka juu ya ugumu ambao tunaujua miaka yote. Mwashi wa Lubumbashi hufanya kazi nyingi wakati wa kiangazi, ambapo matofali ya udongo wa kichuguu yanakauka na kuchomwa vizuri. Mvua zikianza mwezi Novemba, tanuru zinazimika na misingi inajaa maji hadi Machi au Aprili. Seremala naye anahangaika na mbao. Mti wa mulombwa, ambao wazee walikuwa wakiupata karibu, sasa unatoka mbali kwa sababu msitu wa kuuzunguka mji umekwisha kwa kukatwa makala, na kila kilomita inaongezwa kwenye bei ya ubao.

Na kuhusu umeme, Mheshimiwa, turuhusu tukueleze usiku mmoja tu wa mwenzetu anayechomelea vyuma. Alikuwa na lango la kukabidhi asubuhi. Umeme ulikatika saa tisa alasiri, na kwa kuwa wakati wa delestaji (mgao wa umeme) hakuna anayejua saa ya kurudi kwake, alitandika gunia kando ya mashine akalala, taa ikiwa imeachwa kwenye swichi ili iwake na kumwamsha. Iliwaka saa saba za usiku. Alifanya kazi hadi saa kumi alfajiri, huku mke wake amemshikia vipande vya chuma kwa koleo na kugeuza uso kila cheche inaporuka, na jirani mwenye mtoto mchanga akigonga ukuta kuomba kelele zipungue. Lango lilikabidhiwa. Mteja aliposikia bei aliomba apunguziwe, akisema kazi yenyewe ni ya siku moja.

Ushindani wa vitu vya kontena nao ni mkali. Makabati na vitanda kutoka China na Uturuki vinaingia vikiwa tayari, vinang'aa, na mteja anaondoka navyo siku hiyo hiyo. Tunajua kwamba ubao ule wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi huvimba ukipata maji na kwamba bawaba ikishang'oka haishiki tena, kwa sababu sisi ndio tunaoletewa kuvitengeneza. Lakini mteja hamkimbii fundi kwa sababu ya mng'aro peke yake. Anamkimbia pia kwa sababu ya avansi, yaani fedha anayomtangulizia fundi kabla ya kazi, na hapa hatuna budi kusema ukweli unaotuhusu sisi wenyewe.

Kazi zinapokuwa nyingi, avansi ya mteja hununua mbao zake, kitanda kinatengenezwa, salio linalipwa, na fundi anakula jasho lake. Kazi zinapokuwa chache, mambo hugeuka. Fundi anapokea avansi ya kitanda siku ambayo mtoto wake ana malaria, na nusu ya fedha inakwenda kwenye dawa. Kitanda hakiwezi kuanza. Mteja wa pili anakuja na avansi ya mlango. Ile inanunua mbao za kitanda cha mteja wa kwanza. Sasa mlango unangoja mteja wa tatu, na mteja wa tatu haji. Fundi anaanza kuzima simu, kisha anapita njia ya nyuma kuingia kwake, na mtaa mzima unasema kwamba mafundi ni waongo. Tunakiri kwamba wapo wezi miongoni mwa mafundi kama walivyo katika kila kazi. Wengi, lakini, walianza na nia safi na wakazidiwa na pengo kati ya kazi moja na nyingine, na kila anayezidiwa anawapunguzia wengine wote imani ya wateja, na imani ikipungua kazi zinazidi kuwa chache.

Kwa sababu hiyo chama chetu kilianza na suala la avansi kabla ya jambo lingine lolote. Tuna daftari moja, linalotunzwa na mama mshonaji ambaye mwandiko wake unasomeka kuliko wetu sote. Fundi anayetaka kazi yake idhaminiwe na wenzake huandika humo jina la kazi, kiasi alichopokea, kilichonunuliwa na siku ya kukabidhi. Avansi haikai mfukoni: inapelekwa kwa muuza mbao au muuza vyuma siku ile ile, mteja akiwepo akitaka, na risiti inabandikwa kwenye ukurasa. Fundi akiugua, mwenzake anamalizia kazi na kupokea salio. Mwanzoni baadhi yetu walichukia, wakiona tunachunguzana kama watoto. Walipoona wateja wa zamani wanarudi, wakaanza kulileta daftari wenyewe.

Likelemba yetu, yaani mchango wetu wa kupeana kwa zamu, nayo tuliibadilisha. Zamani kila wiki mmoja alipokea mchango wote, na mara nyingi uliishia kwenye sherehe au msiba. Sasa sehemu yake inabaki kwenye sanduku kwa ajili ya kununua mbao kwa pamoja wakati wa kiangazi, bei ikiwa nafuu na barabara ikipitika. Randa ya umeme tunaitumia watano, kwa zamu. Tumekubaliana pia kutovunja bei ya mwenzetu chini ya gharama ya vifaa, ingawa tunakiri kuwa sharti hili ndilo gumu kuliko yote kwa mtu ambaye hajapata mteja kwa wiki tatu, na tumelazimika kusuluhisha ugomvi wa namna hiyo zaidi ya mara moja. Kazi za ukarabati, ambazo tulikuwa tukizidharau, zimetuvusha miezi mibaya: kubadilisha miguu ya kiti, kuziba bati linalovuja, kurekebisha koti la marehemu baba limfae kijana. Ni fedha ndogo, lakini inalipwa mkononi.

Kuna mlango mwingine ambao sheria imeufungua na sisi bado tumesimama nje yake. Sheria ya Februari 2017 inazitengea kazi za ukandarasi mdogo, yaani zile ambazo kampuni kubwa huwapa wengine wazifanye, kampuni ambazo mtaji wake kwa sehemu kubwa ni wa Wakongomani. Ni sheria njema. Lakini mwashi wa Katuba si kampuni. Hana hati, hana akaunti, na hawezi kungoja malipo kwa miezi mitatu. Hivyo kazi hutolewa kwa mwenye hati, naye humwita mwashi huyo huyo kwa kibarua cha siku. Sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 2012, zinamruhusu fundi mdogo kutambuliwa kwa tamko tu, bila usajili kamili wa kampuni. Wengi wetu hatukulijua hilo mpaka mwaka huu. Tunaomba ofisi yako itupatie mtu mmoja, siku moja kwa mwezi, wa kutuongoza katika karatasi hizo, na wakati huo huo itubandikie mlangoni orodha ya kodi na ushuru halali wa komini, maana kila mwezi hupita watu wenye vitabu vya risiti ambao hatujui nani ametumwa na nani amejituma.

Ombi letu kubwa, Mheshimiwa, ni madawati. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019, imeleta darasani watoto ambao awali walibaki mitaani, na tunashukuru kwa moyo wote. Wakuu wa shule walioketi hapa wanaweza kukuthibitishia kwamba katika madarasa yao watoto hukaa wanne au watano kwenye dawati la wawili, na wengine huandika wakiwa wamepiga magoti sakafuni. Madawati yanapoagizwa, huagizwa mengi kwa mara moja, kutoka kwa mtu mmoja, kwa masharti ambayo ateliye ya watu watatu haiwezi kuyatimiza. Tunaomba komini, pamoja na shule na makanisa yanayozisimamia, yaagize kwa mafungu madogo, ishirini ishirini, na mafungu hayo yagawanywe kwa ateliye zinazofuata kipimo kimoja. Avansi msitupe sisi mikononi. Mpelekeeni muuza mbao moja kwa moja, na daftari letu litawaonyesha kila ubao umekwenda wapi. Salio tunaomba lilipwe ndani ya siku thelathini tangu madawati yakaguliwe. Dawati likilegea ndani ya miaka miwili, lirudisheni, tutalitengeneza bila malipo, na sahihi ya fundi aliyelitengeneza itakuwa chini yake.

Tunajua kwamba mfuko wa komini ni mdogo na kwamba wanaobisha hodi ofisini kwako ni wengi. Ndiyo maana hatukuja na ombi la jengo wala la mashine mpya. Fungu moja la madawati ishirini, likipatikana kabla ya mvua kukolea, litawapa kazi hawa kumi na mmoja katika miezi ambayo waashi wao wa jirani wamekaa bure, na litawaonyesha wazazi wao kwamba miaka miwili ya kujifunza hapa haikupotea.

Mbele yako, Mheshimiwa, liko dawati la mfano ambalo wanagenzi wamelitengeneza wenyewe bila fundi kushika randa. Ukishamaliza kukabidhi vyeti, tunakuomba uligeuze. Chini ya ubao wa kukalia wameandika kwa chaki gharama za mbao, skrubu, gundi, msasa, vanishi na siku zao za kazi, kila moja na bei yake, na hakuna kilichofichwa. Wako tayari kujibu swali lolote utakaloliuliza kuhusu hesabu hiyo.

Ahsante sana kwa kutusikiliza.

Mafundi wanaojitegemea wa Katuba, Lubumbashi