Barua kwa Mwanangu: Usingoje Mvua Ndipo Ukimbie

Mwanangu mpendwa,

Juzi uliponieleza kwa simu kwamba mliendelea kucheza mpira huku ngurumo zikisikika, kwa kuwa mvua ilikuwa haijafika, nilinyamaza, nawe ukadhani simu imekatika. Haikukatika. Nilikuwa natafuta la kusema, na kwa kuwa sikulipata papo hapo nimeona heri nikuandikie.

Kosa lenu ni kuifanya mvua kuwa kipimo. Radi haingoji mvua. Huweza kupiga kilomita 10 au zaidi kutoka pale mvua inaponyesha, hata upande ambao anga bado ni jeupe. Kipimo chako kiwe sikio: ukiisikia ngurumo, radi nayo inaweza kukufikia. Ukitaka kujua iko umbali gani, hesabu sekunde tangu uone mwanga hadi usikie ngurumo, kisha ugawanye kwa 3, maana sauti huchukua takriban sekunde 3 kusafiri kilomita moja. Lakini usisimame uwanjani ukihesabu. Hesabu huku miguu inaelekea ndani.

Na ndani ninakosema ni nyumba yenye kuta na paa imara, au gari lenye paa la chuma na vioo vilivyofungwa. Watu husema gari hulinda kwa sababu ya mpira wa magurudumu, nao hukosea: ni bodi ya chuma inayoupitisha umeme kwa nje hadi ardhini, ndiyo maana pikipiki, yenye mpira uleule, haikusaidii kitu. Hema na kibanda kisicho na kuta hukukinga na mvua tu.

Mti ndio unaonitia hofu zaidi. Nikiwa na umri kama wako, mimi na wenzangu tulijibanza chini ya mti mkubwa, tukauacha kwa sababu tu mmoja wetu alichoka kulowa akataka kwenda kwao. Asubuhi yake tuliukuta umechanika gome kutoka juu hadi shinani, mstari mweupe kama mfupa, na vipande vya gome vimetawanyika mbali na pale tulipokuwa tumesimama. Joto la radi hufikia takriban nyuzi 30,000 za Selsiasi. Maji yaliyomo mtini hugeuka mvuke ghafla na kulipasua gome. Aliye chini yake anaweza kurukiwa na umeme kutoka kwenye shina, au kufikiwa na ule unaotambaa ardhini.

Huo wa ardhini ndio unaoua mifugo mingi kwa mpigo mmoja, kwani huingia mguu mmoja na kutokea mwingine. Kwa hiyo mkikutwa mbali na nyumba msilale chini, wala msikumbatiane kwa woga. Achaneni nafasi, mteremke kutoka mlimani, mtoke majini, mwepuke uzio wa waya, na mwendelee kutafuta pa kuingia.

Ukishaingia, kaa mbali na madirisha, usioge wala kuosha vyombo, na usiguse kifaa kilichounganishwa na umeme. Kuchomoa nyaya ni kazi ya kabla ya radi kukaribia. Simu ya mkononi isiyo kwenye chaji haina neno.

Msitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Najua dakika hizo ni ndefu kwa mtu aliyeacha mchezo ukiwa sare.

Endapo mwenzenu atapigwa, mshikeni bila kuogopa, kwa kuwa mwili wake haubaki na umeme. Ila kama radi ingali inapiga, mhamisheni kwanza mahali salama. Iteni msaada, na kama hapumui, mmoja wenu abonyeze kifua chake katikati, kwa nguvu na kwa haraka, bila kuacha mpaka msaada ufike.

Mwonyeshe nahodha wenu barua hii, maana nakujua: hutapenda kuwa wa kwanza kutoka uwanjani.

Mzazi wako akupendaye.