Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: tunaomba mawe, Ziwa Natron

Mheshimiwa,

Shikamoo. Najua barua za ofisini kwako huingia na namba ya kumbukumbu na muhuri. Hii haina, kwa sababu mbili zilizokuwa navyo hazikujibiwa. Jina lako silitaji. Ukisoma utajijua.

Mimi ni dereva wa watalii, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kupeleka wageni Ziwa Natron. Jumamosi iliyopita nilikuwa na wanne, mmoja wao bibi wa miaka sabini na mbili. Tulitoka Mto wa Mbu alfajiri, tukapita Selela na Engaruka, vumbi likaingia mpaka kwenye maboksi ya chakula. Hawakunung'unika. Walitaka habari za Ol Doinyo Lengai, nikawapa: kwamba Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu, kwamba lava yake ina magadi, hutoka nyeusi kisha hugeuka nyeupe, kwamba 2007 na 2008 ulilipuka na kumwaga majivu. Hayo nayajua. Nisichokijua, na wewe ndiye uliyeahidi kutuonyesha, ni wapi ganda la magadi kandokando ya ziwa linabeba gari na wapi halibebi.

Kwa macho hutofautishi. Juu pamekauka, peupe, pamepasuka vipande vipande kama vigae. Chini yake tope jeusi linalonuka yai viza. Kibao hakuna, kigingi hakuna, kwa hiyo nilifuata alama za matairi ya gari lililotangulia. Nani alikuwa, sijui. Labda mmoja wa hawa wanaokodi gari mjini wakaja wenyewe bila mwongozaji, labda alipita kabla ya mvua. Wazee pale wanasema maji yamepanda kutokea chini mwaka huu, huenda. Mimi nilisikia kishindo kidogo tu, kama sahani imevunjikia chini ya godoro, na gari likakaa. Difu ikalala kwenye tope.

Ukiweka spea chini ya jeki, jeki inazama na spea yake. Mti wa kufungia kamba hakuna. Simu haisomi. Saa sita mchana, jua la bonde lile unalijua, au unalisikia kwa wasaidizi wako. Bibi yule viatu vilijaa tope, magadi yakamchoma kwenye mkwaruzo wa kisigino, nikamwosha kwa maji ya kunywa kwa sababu mengine hatukuwa nayo. Baada ya hapo tukagawana yaliyobaki kwa kifuniko cha chupa. Umewahi, Mheshimiwa, kumpimia mtu mzima maji kwa kifuniko, huku flamingo wamejaa kule mbele, na mgeni mwingine anakuuliza kwa upole kabisa: hivi zile ada za getini ni za nini?

Nilimwambia ni za maendeleo.

Waliotutoa ni morani wawili waliokuwa wanachunga. Mmoja alikimbia kijijini Engare Sero, akarudi na watu, majembe, na mbao za kitanda cha mtu. Ndiyo, kitanda. Gari lilitoka jua linazama. Pesa walikataa, wakakubali maboksi ya chakula. Hawakukata risiti.

Risiti ninazo mimi, zimejaa bahasha ya kaki, za kila geti na kila safari. Mwaka juzi, chini ya ule mgunga, mbele yetu madereva na wazee wa kijiji, ulisema njia ya kushukia ziwani itawekewa alama kabla ya masika. Masika imekuja mara mbili. Nadhani fedha ilitengwa ikaenda kwingine, nadhani tu, usinikamate. Au vigingi vilinunuliwa na viko stoo.

Katika kila hotuba unakumbusha kwamba robo tatu ya flamingo wa ile aina ndogo duniani wanazaliwa hapa, na kwamba ziwa limo kwenye orodha ya Ramsar, ule mkataba wa dunia wa kulinda ardhi oevu, tangu 2001. Kweli tupu, tunapiga makofi. Ila flamingo ni wepesi, Mheshimiwa. Kruza yangu na mizigo ni tani tatu.

Na mimi? Kampuni imenikata mshahara kwa beringi na breki zilizoliwa na magadi. Tipu sikupata, na sikuthubutu hata kuitazamia. Binti yangu amerudishwa nyumbani, ada haijatimia. Usiku nashtuka nikidhani kitanda kinazama, mke wangu ananiuliza nina nini, namwambia nina ganda.

Nilipoanza kuandika nilitaka kudai mengi: mnara wa simu, gari la uokoaji, kituo cha huduma ya kwanza, barabara. Nimeyafuta. Nimekumbuka nilipoleta ile barua ya pili. Toka getini kwako hadi mlingoti wa bendera kuna mawe yaliyopakwa chokaa, kushoto na kulia, yamepangwa kwa kamba. Sijawahi kuona gari limezama pale. Tunaomba mawe kama hayo. Siyo hayo yenyewe, bendera ibaki na heshima yake. Mawe ya aina hiyo, toka njia inapoishia hadi tunapoegesha. Chokaa tutanunua wenyewe. Mawe ya kubeba yamejaa chini ya mlima, vijana wa kijiji watabeba. Kinachotakiwa ni ruhusa yako, na mtaalamu mmoja wa kupima pa kuyaweka.

Mawe tu, Mheshimiwa.

Alhamisi nina wageni wengine watatu. Nitatembea mbele ya gari kwa miguu nikigonga ganda kwa fimbo, morani mmoja amekubali kuniazima yake.

Wako mtiifu,
Dereva wa Kruza ya kijani