Mhariri, tuache kuikimbiza KH, tuchague namba moja tuishike

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa moyoni toka mwezi wa tisa, na kila nikikutana na mtu mwenye tanki la maji ya chumvi hapa Dodoma nakuta kilio ni kile kile. Wengi wetu tulihamia huku na kazi kuanzia 2016 kuja mbele, tukaja na makabati na mafriji na wengine tukaja na matanki ya matumbawe, sasa yanatufia mikononi na ukimpigia muuzaji anakwambia tu ongeza KH kaka, piga mpaka 11 yatakua chap. Mimi nilipiga. Nikapoteza matumbawe saba ndani ya siku tisa.

Kwa asiyejua, KH ndo hiyo alkaliniti, na siyo pH (kipimo cha ukali wa asidi), watu wanachanganya sana hapo. Alkaliniti ni ule uwezo wa maji kupokea asidi bila kuyumba, na sehemu yake kubwa ni bikabonati, ambayo tumbawe linaichukua pamoja na kalsiamu linajengea mifupa yake. Wazee wa pwani walikuwa wanachoma matumbawe wapate chokaa ya kujengea nyumba, kwa hiyo ukitaka kuelewa haraka, tumbawe ni kadudu laini kanajijengea nyumba ya chokaa kila siku, na KH ndo mifuko yake ya saruji. Ikipungua ujenzi unasimama, ikiletwa lori zima kwa siku moja nayo ni balaa.

Maji ya bahari yenyewe yana kama digrii 6.5 mpaka 7 (digrii za KH hizi, siyo za joto). Kwenye matanki watu wanashika 7, 8, 9, wengine wanaenda mpaka 11, na kote huko kuna matumbawe yanaishi vizuri tu. Sasa sisi tunaulizana namba ipi ni bora, wakati cha kuuliza ni namba ipi wewe utaweza kuishika jumatatu mpaka jumapili, kiangazi na masika. Tumbawe lililozoea 8 siku zote likilala 8 likaamka 11, hilo ndo linaloliua, na kama maji yako ni masafi sana, yaani virutubisho vya naitreti na fosfeti viko karibu na sifuri, hiyo 11 inaunguza ncha kabisa. Nimeziona kwa macho yangu. Asubuhi ncha zimekuwa nyeupe kama chaki, kesho yake ngozi inabanduka kuanzia chini, unabaki unaangalia mfupa mtupu.

Ngoja nieleze ilivyokuwa maana naamini kuna mwenzangu yuko njiani hapo hapo. Tanki langu ni la lita 200, liko sebuleni Kisasa. Lilikuwa digrii 8, halina shida yoyote, ila nilitaka yakue haraka. Nikanunua beking soda, nikaioka kwenye oveni kama nilivyoelekezwa (ukiioka inageuka soda kali zaidi, inapandisha na pH pia), nikapima gramu 12, nikamimina yote kwa mpigo jumamosi jioni. Maji yakawa meupe kama tui la nazi. Usiku nikapima, 11. Nikafurahi. Sikuongeza kitu tena wiki nzima, jumamosi inayofuata napima nakuta 12.5! Nikampigia muuzaji, akasema kipimo chako kibovu nunua kingine. Nikanunua, nacho kikasoma vile vile, na matumbawe yameshaanza kumwaga ngozi.

Kipimo kilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa kwenye dumu langu la maji ya kujazia, na hili ndo hasa limenifanya niandike kwenu maana vitabu na video zinazoelekeza haya mambo hazijaandikwa na mtu wa Dodoma. Huku ni nchi kavu, upepo wa kiangazi kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi na moja unakausha hata kanga kwenye kamba ndani ya dakika kumi, tanki langu likiwa na feni juu linapoteza kama lita 4 kwa siku. Maji yanaruka, chumvi inabaki, kwa hiyo lazima ujazie maji baridi yasiyo na chumvi. Mimi nilikuwa najazia maji ya kisima cha hapa nyumbani. Na kila mama wa Dodoma anajua maji yetu ya ardhini yalivyo, angalia birika lako ndani ule ukoko mweupe, ile ni chokaa ile ile! Nikayapima yale maji peke yake, digrii 14. Sasa piga hesabu, lita 4 za digrii 14 ukigawa kwenye lita 200 unaongeza kama 0.28 kila siku, kwa wiki ni karibu digrii 2, bila kugusa soda. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba changu kilijaa.

Halafu mvua zikianza mwezi wa kumi na mbili hewa inakuwa na unyevu, maji hayaruki sana, unajazia kidogo, KH inaanza kushuka yenyewe na wewe unashangaa umekosea wapi wakati hujabadilisha chochote. Ndo maana nasema kwa mtu wa huku maji ya kujazia ni jambo la kwanza kabla hata ya kuchagua namba. Tumia maji yaliyopita kwenye mashine ya RO (ile ya kuchuja inayotoa chumvi na chokaa kwenye maji), yapime yenyewe kwanza, yakisoma sifuri au karibu na sifuri uko salama. Na tafadhali msikinge mvua ya kwenye bati mkaweka tankini, bati letu lina zinki na matumbawe hayaitaki hata kidogo.

Baada ya hapo ndo uchague namba. Angalia chumvi yako ya dukani, ile ya kukorogea maji ya tanki siyo ya jikoni, ukiikoroga inatoa KH ngapi, zipo zinazotoa 7 na kitu na zipo zinazotoa 11, chagua namba iliyo karibu na hiyo ili ukibadilisha maji usiyumbishe tanki. Mimi nimechagua 8. Kalsiamu naiweka kati ya ppm 400 na 450 (ppm ni kama miligramu kwa lita), magnisiamu ppm 1300 hivi, maana magnisiamu ikishuka chokaa inaganda kwenye pampu na hita badala ya kwenda kwa tumbawe.

Kuhusu matumizi, KH ni kama yuniti za Luku, kila nyumba inakula kivyake na huwezi kuniuliza mimi unanunua ngapi. Pima siku tatu mfululizo saa ile ile bila kuongeza kitu. Langu lilisoma 8.5, 8.0, 7.5, maana yake linakula nusu digrii kwa siku. Beking soda ya kawaida isiyookwa inaingia gramu 3 kwenye lita 100 kupandisha digrii moja, kwa hiyo lita 200 kwa nusu digrii ni gramu 3 zile zile kila siku. Nazipima kwenye mzani mdogo, nazikoroga na nusu lita ya maji ya RO, namimina polepole mbele ya pampu nusu asubuhi nusu jioni. Ukiwa umeshuka sana usipandishe zaidi ya digrii moja kwa siku, hata kama moyo unakusukuma. Na kalsiamu usiisahau, kila tumbawe likila digrii 2.8 za KH linakula na kalsiamu kama ppm 20, ila kwa kuwa 20 kwenye 420 haionekani watu wanadhani haishuki, wakija kuipima baada ya miezi minne wanakuta imefika 340.

Jingine la dukani. Ukienda soko la Majengo ukaomba beking soda unaweza kupewa beking pauda, na pauda ina wanga na mara nyingi ina fosfeti, soma kopo kabla hujalipa. Na kuna kijana alinijia juzi ameweka magadi, haya ya kulainishia maharage, kwa sababu kaambiwa ni kitu kimoja. Siyo kitu kimoja. Magadi yanachimbwa na udongo wake na uchafu wake, yaache jikoni. Vipimo navyo viangalieni, kingine kinasoma digrii kingine kinasoma ppm, digrii moja ni ppm 17.9, kwa hiyo 8 ni kama ppm 143, mtu akisoma karatasi ya ppm akidhani digrii anaua tanki zima.

Kwetu kupima imekuwa kazi ya binti yangu wa darasa la tano, saa tatu usiku baada ya kula. Mimi nashika kichupa yeye anahesabu matone, maji ni ya bluu, bluu, bluu, halafu tone moja tu yanageuka njano, anasema baba imegeuka, anaandika kwenye daftari. Daftari hilo ndo limeokoa yale matumbawe manne yaliyobaki, kuliko dawa zote nilizouziwa.

Ombi langu Mhariri, kupitia gazeti lenu, ni kwa wenye maduka. Mnapotuuzia tumbawe andikeni kwenye ule mfuko wa maji, kwa kalamu tu, KH ambayo limekuwa likiishi. Namba moja, inawachukua sekunde tano. Lile la mwisho nililonunua lilitoka kwenye 10.5 likaingia kwangu kwenye 8, nimelijua hilo kwa sababu nilipima maji ya mfuko, la sivyo ningelitumbukiza tu. Matumbawe magumu yako kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yanahitaji kibali kuvuka mpaka, na kule visiwani Mafia na Chumbe watu wanayalinda yasiguswe, kwa hiyo hiki kipande kilichosafiri mpaka katikati ya nchi kisifie sebuleni kwa mtu kwa kukosa namba ya kuandikwa kwenye mfuko. Na muuzaji ambaye hajui KH ya tanki lake mwenyewe, wanunuzi wenzangu tusinunue kwake mpaka aipime mbele yetu.

Wenu msomaji wa kila siku,
Kisasa, Dodoma