Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kiwanja Chetu na Udongo Wake

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mwaka jana tuliagana hapa kwa furaha. Kile kiwanja kilichoachwa na wapasuaji betri na wauza vyuma chakavu tulikuwa tumekubaliana kukifanya uwanja wa watoto, na wengi wenu mlitarajia leo tukutane chini ya miti michanga. Miti haijapandwa. Kamati ndiyo iliyosimamisha kazi, na sahihi ni yangu, basi ni haki yenu kujua sababu.

Sisi wa upande huu wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa risasi, ile metali yenye sumu iliyomo kwenye betri, ni nini. Watu wa mtaa wa Owino Uhuru ni majirani zetu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa pale mwaka 2014, baada ya Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo na mwanawe akaugua, kusimama na wakazi wenzake. Julai 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru udongo usafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, na tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni wenyewe: miaka kumi tangu kiwanda kufungwa hadi hukumu hiyo ya mwisho. Muda wote huo watu walizeeka, watoto wakakua, na risasi ikabaki pale pale, kwa kuwa risasi haiozi. Hukaa juu juu ardhini, kwenye vumbi lile lile analolishika mtoto kisha akatia kidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi damuni kinachojulikana kuwa salama.

Hatukutaka kupanda maua juu ya jambo kama hilo. Tulikigawa kiwanja kwa kamba, katibu akachota udongo wa juu kila sehemu kwa mwiko wa fundi, akautia kwenye mifuko yenye alama. Tulipofika pembe ya mwembe, mtoto mmoja wa kike alikuja kutuonyesha bamba la kijivu lenye vitobo. Lilikuwa limetoka ndani ya betri. Alikuwa akilitumia kama kikaango, anakaangia mchanga. Nilimwosha mikono mimi mwenyewe pale kwenye mfereji, na nakiri kwamba usiku ule sikulala vizuri.

Majibu ya maabara yalitupa nafuu na mzigo kwa pamoja. Sehemu kubwa ya kiwanja yafaa kuchezewa. Pembe mbili zilizokuwa za kupasulia betri hazifai, wala si kwa kuchezea wala kwa kulima mchicha.

Hapo ndipo kamati ilipogawanyika. Wengine walisema tukodi lori, tuuzoe ule udongo ukatupwe mbali. Mbali ni wapi, na kwa nani? Tulikwenda Kibarani, palipokuwa na jaa la taka za mji, kujionea. Mnaikumbuka Kibarani kabla ya 2018, moshi na harufu kila ukivuka kuingia kisiwani. Jaa lilifungwa, pakamwagwa udongo na kupandwa miti, na mimi najivunia mahali pale kama mwenyeji. Lakini taka za mji hazikukoma siku ile. Zilielekezwa Mwakirunge, na Mwakirunge nako kuna watu wenye watoto. Sitatia sahihi lori la sumu yetu likamwagwe nyuma ya nyumba ya mtu mwingine.

Pendekezo tunalowaletea ni hili. Udongo wa pembe zile umwagiwe maji kwanza usitimue vumbi, ufunikwe kwa kitambaa kizito cha ujenzi, uwekewe tabaka la udongo safi, kisha juu yake ijengwe sakafu ya saruji iwe uwanja wa netiboli. Mhandisi wa mazingira ausimamie mpango huu tangu mwanzo. Ramani ya pembe hizo iwekwe kwa chifu na kwenye ofisi za kaunti, mtu asije akachimba msingi hapo baada ya miaka 20. Kufunika si kumaliza. Huko Seattle, Marekani, kiwanda cha gesi kilichofungwa 1956 kilifunguliwa kama bustani ya umma 1975, na mpaka leo udongo wake unaangaliwa. Nasi tutahitaji mtu wa kukagua nyufa kila mwaka, na fedha za kazi hiyo zitengwe sasa.

Vijana, najua mlikosa uwanja wa mashindano msimu mzima, na baadhi yenu mlinikasirikia mbele ya watu. Mlikuwa na haki ya kuuliza. Wenye nyumba nao nawaomba waziwazi: uwanja ukipendeza, msiwapandishie kodi wapangaji waliovumilia vumbi hili miaka yote.

Hesabu za fedha mweka hazina atazisoma baada yangu. Fedha za miti hazijaguswa.

Kabla ya kupiga kura, jambo moja. Wazazi wa watoto waliozoea kucheza pembe zile waandikishe majina kwa katibu, watoto wapimwe damu. Mama wa yule mtoto wa kikaango ameshaandikisha. Lile bamba liko kwenye kopo lenye kifuniko, juu ya meza ya katibu, kwa yeyote anayetaka kujua la kutafuta uani kwake. Liangalieni, msiliguse.