Mama anataka kurudi Vihiga, kaka zangu wanasema akae kwangu Nakuru. Nifanyeje?

Hamjambo wote. Naombeni mawazo yenu maana hii kitu inaninyima usingizi, na kwetu kila mtu ako na upande wake.

Naishi Nakuru na mume wangu na watoto wawili, fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Mama yangu ni mjane, nyumbani ni Vihiga, ukishuka hapo Luanda unachukua boda. Mwaka jana presha ilimpanda akaanguka jikoni, akakaa hapo chini mpaka jirani alipokuja kuomba chumvi ndio akamuona. Kaka zangu, mmoja ako Nairobi mwingine Qatar, wakaongea kwa simu wakaamua mama akuje kwangu kwa sababu mimi ndio msichana na Nakuru hospitali ziko karibu. Mama mwenyewe hakuulizwa.

Wale wa magharibi mshajua shida iko wapi. Kwetu Waluhya mama na mume wa binti yake wanaheshimiana sana, hawalali nyumba moja, hawali meza moja, hata kusalimiana ni kwa mbali. Sasa kwa fleti mtaheshimiana wapi? Choo ni moja, bafu iko ndani ya hiyo hiyo choo, na mlango wake unatazama sebule. Mama akisikia mume wangu anakohoa tu, anarudi chumbani anafunga mlango. Dawa moja ya presha anayokunywa inamfanya aende haja ndogo kila saa, na huyo mama atajibana asubuhi yote mpaka asikie mkwe ametoka. Siku hizi naona hata maji hanywi ndio asisumbuke, na daktari alimwambia anywe. Mume wangu naye si mtu mbaya jamani, amekubali bila neno, anaamka saa kumi na moja aoge atoke mapema, jioni anakaa kwa kinyozi hapo chini mpaka nimpigie simu kwamba mama ameshakula na ameingia kulala. Watoto wanauliza baba ako wapi. Hakuna aliyemkosea mwenzake hapa na ndio maana sijui nianzie wapi.

Hayo mengine ni ya mji tu, lakini yanamla mama pia. Nakuru ni jiji tangu Disemba 2021 lakini kwetu maji ya mfereji huja kwa mgao, na ya visima vya huku yana floridi nyingi, hiyo ndio hufanya meno ya watu yawe kahawia, kwa hivyo ya kunywa tunanunua kwa mtungi wa lita 20. Mama amechota chemchemi bure maisha yake yote, kila nikilipia mtungi naona anavyoumia. Mrenda na kunde anaona zikiuzwa vifungu vidogo vidogo, akapanda zake kwa beseni pale balkoni, keataka akasema zitolewe maji yanadondokea nguo za watu wa chini. Ngazi zinamchosha kwa hivyo hashuki. Majirani ni watu wazuri lakini wanatoka alfajiri wanarudi usiku, salamu ni ya kupitana tu.

Kinachomuuma zaidi ni matanga. Tangu akuje huku wamezikwa wamama wa kikundi chake cha kanisa na yeye ametuma tu mchango kwa M-Pesa. Kijijini mchango ni sawa, lakini mtu anajulikana kwa kukesha, kuteka maji na kukaa kwa moshi akipikia wageni. Aliniuliza, "Sasa mimi nitakuja kuzikwa na nani?" Sikuwa na jibu.

Lakini pia ushago mtu asinidanganye. Zahanati ya karibu dawa za presha mara ziko mara haziko, mvua ikinyesha usiku hakuna boda itapanda ile njia yetu, na boma lote ni yeye na kuku. Tulishamtafutia msichana wa kukaa naye, akaenda kwao Krismasi hakurudi, hawa wasichana wanataka taoni.

Nimefikiria kumpangishia chumba cha chini, upande wa Lanet ama Kiamunyi ambako bado kuna nafasi ya kulima kidogo, alale kwake na mimi nipitie kila jioni. Mume wangu ameunga mkono. Kaka mkubwa amekataa, anasema watu watasema tumemtupa mama kwa nyumba ya kukodi, na kwake mwenyewe hajasema aende. Mama anasema kitu moja tu, arudishwe kabla mvua ya Machi, hilo shamba halifiki hata nusu eka lakini lisilale.

Kwa hivyo nauliza. Kuna mtu ako na mzazi wa presha ushago na yeye anaishi mbali, mnapangaje dawa na mtu wa kulala naye? Shangazi yetu anasema wazee wanaweza kukaa kikao, mume wangu atoe zawadi, hiyo heshima ilegezwe kidogo. Nani ameona ikifanyika na mama akakubali kwa roho yake, si kwa kulazimishwa? Na huyu kaka mkubwa nitamwambiaje bila kuonekana nimechoka na mama, kwa sababu sijachoka naye hata kidogo, nataka tu aweze kwenda choo akihisi kwenda.