Bei ya wastani ya mnada haihesabu chai iliyorudi ghalani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili nizungumzie jambo ambalo sikulitilia maanani hata kidogo mpaka nilipoketi, mimi na wanafunzi wenzangu wa uchumi wa kilimo, kwenye viti vya nyuma vya ukumbi wa mnada wa chai na kushuhudia mafungu yakinadiwa moja baada ya jingine. Jambo lenyewe ni ile bei ya wastani ambayo magazeti, likiwamo lako, huichapisha baada ya mnada kana kwamba ndiyo habari yote.

Nilikwenda nikitarajia kelele, dalali akipaza sauti mpaka mishipa ya shingo imtoke na wanunuzi wakigombea kusikika. Nilichokikuta ni ukumbi uliotulia kama chumba cha mtihani, kila mnunuzi akiwa ameinamia orodha yake iliyojaa alama za kalamu, na dalali akitaja namba ya fungu na kupokea dau kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Mmoja anatamka, mwingine anaongeza kidogo, nyundo inagonga, fungu limeuzwa. Kabla ya pigo la nyundo mnunuzi anaweza kuliondoa dau lake; baada ya pigo amefungwa nalo. Mafungu kadhaa yalikuwa yameshapita nami bado natafuta ukurasa.

Utulivu ule una sababu yake, kwani kazi nzito hufanyika kabla ya siku ya mnada, pale sampuli za kila fungu zinapowafikia wanunuzi na waonjaji wao wakazipanga vikombe kwa safu ndefu. Kipo hata kiwango cha kimataifa cha kuandaa chai ya kuonjwa, ISO 3103, kinachotaka gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, kwa muda wa dakika 6, ili kikombe kimoja kisionewe na kingine kisipendelewe. Mwonjaji huifyonza chai kijikoni kwa sauti ambayo mezani kwa mama yake ingemletea karipio, huizungusha mdomoni, huitema, kisha husogea kwenye kikombe kinachofuata. Kwa hiyo anayeingia ukumbini anajua tayari anataka mafungu yapi, na kwa kila fungu anajua dau lake litakomea wapi. Ndivyo wanunuzi wanavyojiandaa iwe Kolkata, Colombo au Mombasa, na ndivyo walivyojiandaa London, ambako mnada wa chai uliofungwa mwaka 1998 ulikuwa na historia ya zaidi ya miaka 300.

Kisha likafika fungu ambalo hakuna aliyelitamkia dau. Dalali alisubiri kidogo, akataja bei ya chini zaidi, akatazama kulia na kushoto, akaendelea na namba inayofuata. Baada yake likaja jingine lililopata dau moja tu, nalo likaondolewa kwa sababu dau hilo halikufikia bei ya chini ambayo mwenye mali alikuwa amekubaliana na dalali, bei ambayo kwa kawaida wanunuzi hawaambiwi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mnadani kibaya hakipati hata nafasi ya kujitembeza. Hurudi ghalani kimyakimya, kikazidi kupoteza ubora na kuongeza gharama za uhifadhi, kikisubiri kunadiwa upya au kuuzwa pembeni kwa makubaliano.

Nilipouliza fungu kama hilo linahesabiwa vipi katika bei ya wastani, niliambiwa kwamba halihesabiwi, kwa kuwa wastani hupigwa kwa chai iliyouzwa peke yake. Hapo ndipo niliposhtuka, na naomba nieleze kwa mfano wa kubuni. Tuseme wiki iliyopita yaliletwa mafungu 100 yenye uzito sawa, 60 ya chai bora yakauzwa kwa 3 kwa kilo, na 40 ya chai hafifu yakauzwa kwa 2. Wastani ni 2.6. Wiki hii yanaletwa mafungu yaleyale kwa idadi, lakini chai bora inashuka hadi 2.9 na ile hafifu haipati mnunuzi hata mmoja. Wastani sasa ni 2.9, na gazeti litaandika, bila kusema uongo wowote, kwamba bei ya chai imepanda. Ilhali mwenye chai bora amepata pungufu, na mwenye chai hafifu hakupata kitu.

Mkulima anayesoma habari hiyo ana haki ya kukiuliza kiwanda chake kwa nini malipo yamepungua wakati bei imepanda, na jibu lolote atakalopewa litasikika kama hila. Sisemi kwamba hila hazipo katika biashara hii. Nasema tu kwamba namba tunayompa ndiyo inayomfanya ashindwe kuutofautisha udanganyifu na soko lililolegea. Hata sisi wanafunzi tumekuwa tukiinakili namba hiyo katika kazi zetu na kuchora grafu juu yake kwa kujiamini kabisa, jambo ambalo sasa nalionea aibu kidogo.

Ombi langu ni dogo. Kila unapochapisha bei ya wastani, tafadhali ongeza kiasi cha chai kilicholetwa mnadani, kiasi kilichorudi bila kuuzwa, na bei ya daraja la juu na la chini kila moja peke yake. Takwimu hizo hazihitaji mwandishi kuchimba siri ya mtu, kwa sababu madalali huzitoa katika taarifa zao za soko baada ya mnada. Zinatosha kwenye mstari mmoja chini ya ule mnaouchapisha sasa.

Wako,
Mwanafunzi wa mwaka wa pili, uchumi wa kilimo