Sufuri za viluwiluwi

Mhariri,

Wanaohesabu viluwiluwi wa mbu kwenye mapipa ya maji hapa Mombasa wasikimbilie modeli ya Poisson (kanuni ya takwimu ya kukadiria hesabu za vitu). Hiyo hutaka wastani na varianzi (kipimo cha jinsi hesabu zinavyotawanyika) vilingane: wastani ukiwa 2, mapipa 100 yatoe sufuri (mapipa yasiyo na kiluwiluwi) 14 hivi. Ukikuta 60, na pipa moja lina viluwiluwi 40, makosa sanifu (kipimo cha shaka ya makadirio) yatatoka madogo mno. Tofauti za bahati tu zitaonekana za kweli.

Anza na binomia hasi, modeli inayoruhusu varianzi kupita wastani. Kigezo chake cha mtawanyiko (kadiri kilivyo kidogo, hesabu hutawanyika zaidi) kikiwa 0.3 na wastani uleule 2, sufuri hufika 54. Mara nyingi yatosha.

Modeli ya sufuri za ziada, inayodhani baadhi ya mapipa hayawezi kamwe kuwa na viluwiluwi, ingoje sababu: pipa lililofunikwa kabisa haliingiliki na mbu, lililo wazi laingilika hata kama leo halina kitu. Basi fomu iulize kifuniko (wengi husahau).

Msomaji, Mombasa